Sifuri Mbele ya Namba

Kasongo, alasiri, siku moja kabla ya lori

Amisi mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakukaangia karanga za safari. Nina saa mbili, labda tatu. Mambo ya chandarua, ya vidonge vya kwinini, ya kutoacha viatu karibu na mlango wa behewa, yeye amekwisha kukuambia mara nyingi kuliko unavyoweza kuvumilia. Sitayarudia. Ninaandika kuhusu fomu yako.

Jana ulirudi na kijitabu cha chuo kikuu na fomu ya kuandikisha masomo, ukaniwekea vyote viwili magotini. Ulikuwa umekwisha kutia alama ya penseli kwenye masomo manane. Nikakuuliza namba zilizo kando ya majina ya masomo zina maana gani. Ukacheka kidogo ukasema, "Baba, namba ni za biro, za makarani wa ofisini. Sisi tunasoma majina."

Nilikurudishia fomu bila neno. Ulidhani nimekasirika, na nilikusikia ukimwambia mama yako, "Mzee hapendi nisome Uchumi." Sivyo. Nilinyamaza kwa sababu maneno uliyoyasema ni yangu. Niliwahi kumwambia mtu mmoja maneno hayo hayo, ndani ya nyumba hii, nikijua vizuri namba zile zina maana gani. Yalimharibia maisha.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari nyingine yoyote.

Nilipokuwa shule ya misheni hapa Kasongo, kila mwanafunzi alikuwa na namba. Mwisho wa kila mwezi Padri alisoma matokeo na kutupanga upya. Namba moja alikaa benchi la mbele karibu na dirisha, namba mbili kando yake, na hivyo hivyo mpaka ukuta wa nyuma, ambako wa mwisho walikaa na kuku wa mpishi wakipita kati ya miguu yao. Mimi nilikuwa namba moja kwa miaka mitatu. Kando yangu, namba mbili, alikaa Kabemba, mtoto wa mkulima wa upande wa Kabambare. Nyumbani nako ilikuwa vile vile. Baba zetu walipopeleka pamba sokoni, pamba nyeupe ilikuwa namba moja na pamba ya madoa namba mbili, na mwenye namba mbili alirudi kijijini akitazama chini. Hakuna mtu wa kwetu aliyehitaji kufundishwa kwamba namba ndogo ni bora kuliko namba kubwa. Tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Kabemba aliacha shule kwa sababu baba yake alikufa na shamba lilimhitaji. Mimi nilipelekwa shule ya juu ya makarani, mbali, kule mto Lualaba unakoteremkia. Jina la shule hiyo sitalitaja. Imekwisha kufungwa.

Siku ya kwanza walibandika ukutani orodha ya masomo. Kulikuwa na Sheria mbili: 014 Sheria na 114 Sheria. Kulikuwa na Hesabu za Serikali mbili: 022 na 122. Kila somo lilikuwa na pacha wake. Wengine walisimama mbele ya orodha wakikuna vichwa. Mimi sikukuna. Nilisoma namba kama nilivyozoea kuzisoma, nikaona kwamba sifuri iko mbele hata ya moja, nikaandika masomo yote ya sifuri. Nilidhani kuna benchi mbele ya benchi la mbele, na nimelipata.

Mwenzangu mmoja kutoka jimbo la Equateur alinitania. "Ninyi watu wa Maniema, mpaka kwenye karatasi mnataka kutangulia!" Kisha akanakili orodha yangu, neno kwa neno. Wengine wakanakili ya kwake.

Asubuhi tulisoma 014. Alasiri, katika chumba kile kile, vijana wa Kizungu waliokuwa wakijitayarisha kwa kazi za Serikali walisoma 114. Mwalimu alikuwa yule yule, na mara nyingi asubuhi tulikuta hajafuta ubao wao. Nilipoona maneno niliyoyafahamu nilifurahi. Maneno nisiyoyafahamu yalikuwa mengi zaidi. Nilijiambia kwamba wao wako nyuma yetu, wanahitaji kuelezwa zaidi.

Unaweza kucheka. Mimi nimecheka mara nyingi, peke yangu.

Mwisho wa mwaka wa pili nilikwenda kwa sekretari wa shule kuomba kuandikwa mwaka wa tatu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitazama karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Mwaka wa tatu wa nini?" akauliza.

"Wa masomo, Bibi. Nimemaliza miwili."

"Wewe hujaanza," akasema. Hakusema kwa dharau. "Sifuri maana yake ni kabla ya mwaka wa kwanza. Ni masomo ya kujitayarisha. Hayahesabiwi."

"Hata nikiyafaulu yote?"

"Hata ukiyafaulu yote. Ungeweza kufanya mtihani wa kuingia masomo ya moja siku ile ya kwanza. Kwa alama zako nadhani ungefaulu. Kwa nini hukuuliza?"

Akafungua kijitabu cha shule ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole. Yote yalikuwa pale, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Hakuna mtu aliyekuwa ametudanganya. Walichapisha ukweli mahali ambapo walijua hatutatazama, kisha wakatuacha tuchague. Nimefanya kazi ya habari miaka mingi tangu siku ile, na bado sijaona namna safi zaidi ya kumnyima mtu kitu.

Nilirudi Kasongo na cheti chenye mhuri mwekundu. Bibi yako alikitia kioo na kukitundika ukutani, pale unapokijua. Kwenye biro ya teritwari, ofisi ya Serikali ya wilaya yetu, walikisoma, wakaniweka meza moja na karani ambaye hakuwahi kuvuka Lualaba kwenda kusoma. Nilikaa hapo mpaka gazeti la Kiswahili liliponichukua kuwa mwandishi wake wa upande huu, kwa sababu sentensi zangu zilikuwa fupi na tarehe zangu sahihi. Watu waliponiuliza kwa nini msomi kama mimi nimeacha kazi ya Serikali, niliwaambia napenda kusafiri. Mama yako nilimwambia hivyo hivyo nilipomwoa. Nilimwambia pia kwamba kule shuleni nilikuwa namba moja. Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa wa kwanza kati ya watu wa sifuri.

Kufika hapo kosa lilikuwa langu mwenyewe, na aliyeumia nilikuwa mimi. Kama lingeishia hapo nisingekusumbua nalo leo.

Baada ya miaka kadhaa mhariri aliniomba makala kuhusu shule ile, kwa kuwa nilikuwa nimeipitia. Nikaandika. Makala hiyo nimeisoma tena leo asubuhi, na ndani yake hakuna sentensi hata moja ya uongo. Nimeandika kwamba Mwafrika anasoma Sheria na Hesabu za Serikali katika chumba kile kile na Mzungu, kwa mwalimu yule yule. Nimetaja masomo yote kwa majina. Sikutaja namba hata moja. Kama ningetaja namba, ingenibidi kueleza maana yake, na msomaji angeuliza zangu zilikuwa zipi.

Makala ilifika Kabambare. Kabemba aliisomea watu uani kwake, na alipofika kwenye jina langu chini ya makala, aliniambia baadaye, alilisoma mara mbili. Mwanawe Sumaili alikuwa amekwisha kukubaliwa shule ya wauguzi. Kabemba akamwambia aiache ile nafasi, aende kwenye shule ya rafiki yake.

Sumaili alikuja hapa kwa baiskeli, siku mbili njiani, matope mpaka magotini. Hukuwapo, ulikuwa bwenini Bukavu. Alikuwa na kijitabu cha shule, amekifunga ndani ya kitambaa cha mpira kisilowe. Alisoma vizuri kuliko mimi katika umri ule. Akakaa chini ya cheti changu, mama yako akamletea chakula, na kabla hajanawa akauliza.

"Baba mudogo, hapa kuko Sheria mbili. Moja iko na sifuri, ingine iko na moja. Nichukue gani?"

Mama yako alikuwa amesimama na birika la maji, anasubiri kumnawisha. Alinitazama na yeye, kwa fahari, kama mke anavyomtazama mume anayeulizwa jambo analolijua.

"Namba ni za biro," nikasema. "Wewe soma majina."

"Sasa wewe ulisoma yenye namba gani?"

"Zote ni Sheria, mwanangu. Kula, chakula kinapoa."

Akacheka. "Basi nitachukua ya sifuri. Iko mbele, kama wewe Namba Moja." Kabemba alikuwa amemfundisha kuniita hivyo.

Sikuwa mlevi, sikuwa na homa, hakuna aliyenishika koo. Ningeweza hata kumsindikiza mpaka barabarani na kumwambia huko, mbali na masikio ya mama yako. Nilimsindikiza. Tulizungumza juu ya matairi ya baiskeli.

Alisoma miaka mitatu. Mwaka mmoja zaidi kuliko mimi, kwa sababu alikuwa na bidii na alichukua masomo mengi zaidi ya sifuri. Aliporudi, nafasi ya shule ya wauguzi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na umri wake ulikuwa umepita. Sasa yuko Salamabila, kwenye mgodi wa dhahabu. Kazi yake ni kuandika namba kwenye mifuko ya mawe ya kupimwa.

Kabemba alikuja mwenyewe baada ya mavuno ya mpunga. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama uani, ameshika baiskeli, na majirani wote wakisikia.

"Namba Moja! Toka. Namba Mbili amekuya kukusalimia."

Nikatoka. "Karibu ndugu yangu, ingia ukae."

"Nikae kwenye benchi gani? Nyuma, na kuku?" Watu wa jirani wakacheka, hawakujua wanacheka nini. Yeye hakucheka. "Mi niko mutu wa shamba. Mi sijue mambo ya namba. Mutoto yangu alikuya kwako. Alikuuliza ao hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Na ulikuwa unajua ao haukujua?"

Pale ndipo ningeweza kusema sikujua. Angeamini, alitaka kuamini, nilimwona. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kuanza. Kisha nikasema, "Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa gunia lake la pamba likiwa na maji ndani. "Basi ujinga yangu iko kidogo kuliko nilivyofikiri," akasema. Akageuza baiskeli. Hatujasalimiana tangu siku hiyo. Mama yako alikuwa sokoni. Majirani walipomwambia, nilisema ni ugomvi wa zamani wa shule, naye akaniamini.

Ulipopata barua ya chuo kikuu miezi miwili iliyopita, nilikuaga nikisema nakwenda Kabambare kuandika habari za barabara. Habari za barabara niliziandika kwa nusu siku. Halafu nikapanda lori la mgodi mpaka Salamabila, nikamkuta Sumaili bandani, kati ya mifuko, na penseli nyuma ya sikio.

Nilitaka kitu kutoka kwake. Usidhani nilikwenda kuomba radhi; ningekuwa mtu wa namna hiyo ningekwenda mapema. Nilikuwa nimesikia kwamba baada ya kugundua alichofanyiwa, alikaa mwaka wa mwisho wote akitafuta jinsi shule za Serikali na vyuo vikuu vinavyopanga masomo, akaandika kila kitu kwenye daftari. Nilitaka daftari hilo kwa ajili yako. Ona nilivyo: nilimwendea mtu niliyemwibia, nikamwomba anikopeshe.

Aliendelea kuandika namba kwenye mfuko mpaka akamaliza. Akasema, "Baba mudogo, daftari nitakupa. Amisi hajanikosea kitu. Lakini utamwambia kwanza kile ulinifanyia. Yote. Halafu ndiyo umupe. Usianze na daftari."

"Nitamwambia," nikasema.

"Kwa maandishi," akasema. "Kwa mudomo utabadilisha."

Basi hii ndiyo barua, na yaliyo ndani ya daftari ni haya. Nimeyalinganisha na ukurasa wa mwisho wa kijitabu chako, ule wa herufi ndogo, na yanakubaliana.

Tarakimu ya kwanza ni ngazi. Moja na mbili ni miaka ya mwanzo, ambayo huishia na cheti cha kandidatura. Tatu na nne ni lisansi, yaani shahada yenyewe. Sifuri ni chini ya ngazi zote. Ukisoma masomo ya sifuri unasoma kweli, unapewa mtihani kweli, na mwisho hujapanda hata kidato kimoja. Tarakimu ya kati ni aina ya masomo: moja ni Sheria, mbili ni Hesabu na Uchumi, tatu ni Lugha, na nyingine zimeandikwa. Tarakimu ya mwisho ni zamu ya somo katika kundi lake, na hapo kuna mtego: huwezi kuandikwa 224 kama hukufaulu 124. Ukiruka somo moja mwaka wa kwanza kwa kulidharau, utalikuta limesimama mlangoni mwaka wa pili.

Halafu kuna herufi baada ya namba. A ni somo la lazima. B ni la kuchagua, nalo huhesabiwa. C ni la kusikiliza tu: unakaa, unaandika, unatoka, na kwenye cheti halionekani. Masomo ya C yana majina mazuri kuliko yote. Sumaili ameandika hapo pembeni, kwa mkono wake: "Hapa ndipo wanapoweka sukari."

Kwenye fomu yako jana, kati ya masomo manane uliyotia alama, mawili yanaanza na sifuri na matatu yana C. Uchumi ulioupenda, ambao unadhani naupinga, ni 026. Pacha wake, 126 A, yuko mistari minne chini yake, na kumpata unatakiwa kufanya mtihani asubuhi ya siku ya kuandikishwa. Mtihani huo umetajwa kwenye ukurasa wa mwisho tu. Fomu inapokelewa siku hiyo moja, na ikishapigwa mhuri haibadilishwi mpaka mwaka unaofuata. Hawatakuuliza kama umeelewa. Watakupongeza na kupiga mhuri.

Sikuigusa fomu yako. Nilishika kifutio leo asubuhi, nikakiweka tena. Nimewachagulia watu wa kutosha. Fomu iko ndani ya sanduku lako, juu ya mashati. Daftari la Sumaili liko chini yake. Una siku za kutosha kwenye treni, kutoka Samba mpaka kusini, kusoma vyote viwili na kufuta mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi, kisha nitafunga. Mchana huu nilishusha cheti ukutani. Mama yako akauliza, "Unakitoa kwa nini?" Nikamwambia mchwa wameingia kwenye mbao. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa, kama siku ile ya Sumaili, hata baada ya kurasa hizi zote kuwa kichwani mwangu. Kwa hiyo usiisome barua hii ukidhani imeandikwa na mtu aliyebadilika. Imeandikwa na mtu aliyelazimishwa na mwenye daftari. Kesho lori likishaondoka nitampa mama yako nakala ya barua hii aisome mwenyewe. Sumaili alisema kweli: kwa mdomo nitabadilisha.

Sasa nasikia baiskeli yako barabarani. Anwani ya mgodi wa Salamabila nimeiandika kwenye jalada la daftari, ndani. Ukishapigiwa mhuri, andika barua yako ya kwanza, na usiniandikie mimi. Mwandikie Sumaili. Huna haja ya maneno mengi. Mwandikie namba za masomo yako tu, zote, kwa mpangilio. Ataziangalia moja moja, na kama hakuna sifuri mbele ataelewa. Mimi nitasubiri kusikia kutoka kwake, kama siku moja ataona inafaa kuniambia.

Baba yako